17-OHP ya mtoto ikiwa juu, uliza kwanza damu imetolewa saa ngapi

Wazazi wenzangu wenye watoto wa CAH, leo tuongee kuhusu ile karatasi ya majibu ya maabara inayotunyima usingizi. Kwa msioijua, CAH mtoto anazaliwa nayo, zile tezi za adrenali zinazokaa juu ya figo zinashindwa kutengeneza homoni ya kotisoli ya kutosha, wengi wanakosa hata aldosteroni inayotunza chumvi mwilini, alafu malighafi iliyokwama njiani inageuka kuwa homoni za kiume. Malighafi hiyo inayolundikana ndo 17-OHP.

Sasa 17-OHP haitulii. Alfajiri inakuwa juu, mtoto akimeza haidrokotisoni, ile dawa ya kujazia kotisoli, inashuka, dawa ikiisha nguvu inaanza kupanda tena, kwa hiyo mtoto yuleyule siku ileile anaweza kuwa na majibu mawili yanayopishana mbali kabisa na daktari akiona namba tupu anaweza kupandisha dozi bila sababu. Mi wangu akitolewa damu naandika kwenye daftari lake: dozi ya mwisho kameza saa ngapi, damu imetoka saa ngapi, ana homa au hana. Na tunajitahidi kupima muda uleule kila mara. Angalieni pia maabara, moja inaandika ng/mL nyingine nmol/L, ukihama tu namba inaruka mara tatu wakati mtoto hajabadilika chochote!

Alafu hatutafuti 17-OHP iwe kama ya mtoto asiye na CAH. Ukiilazimisha ishuke hadi hapo mara nyingi dawa imezidi, mtoto ananenepa na urefu unasimama. Ikibaki juu sana muda mrefu nayo shida, anawapita wenzie urefu akiwa mdogo, nywele za sehemu za siri zinawahi, mifupa inakomaa mapema na ukubwani anabaki mfupi. Ndo maana mi kipimo cha urefu ukutani nakiheshimu sawa na cha damu. Vipimo vya homoni bei yake inauma kwakweli, lakini urefu, uzito na presha vinapimika karibu kila kliniki, msikubali virukwe hata foleni iwe ndefu vipi. Akishavuka miaka 2 kuna na eksirei ya kiganja cha kushoto kila mwaka, kuangalia umri wa mifupa, na anayepoteza chumvi anaangaliwa renini pia, kipimo cha damu kinachoonyesha kama chumvi mwilini iko sawa.

Ila akiumwa, habari ya kusubiri majibu ya homoni haipo. Akiwa na homa kali dozi ya haidrokotisoni inaongezwa mara mbili au tatu kama daktari wenu alivyowaelekeza, na akiwa anatapika dawa haikai tumboni, au amelegea, hiyo ni sindano na hospitali hapohapo hata kama ni usiku wa manane, na mkifika mapokezi semeni kwa sauti kwamba huyu mtoto ana CAH anahitaji haidrokotisoni ya sindano sasa hivi.