Siku moja kabla ya mauzo ya maua, Tanga

Saa 12 asubuhi nishamaliza kumwagilia. Kesho kikundi chetu cha akina mama kinauza maua, na uani pamejaa vyungu, makopo ya rangi na viriba kutoka nyumba za wanachama, vingi havina jina. Kuvipa majina ndiyo kazi yangu ya leo. Naanza mapema kwa sababu ua likishalegea kwa jua, kulitambua ni shida.

Saa 2 nakaa na maua ya njano, na hapa sina haraka. Alamanda na thevetia zimeletwa pamoja, wenyewe wanaziita jina moja. Zote zina ua la njano lenye umbo la faneli, zote ukikata tawi zinatoa utomvu mweupe. Basi ua naliacha, nashika majani. Ya alamanda ni mapana, yanatoka matatu au manne kwenye kifundo kimoja, yamelizunguka tawi. Ya thevetia ni membamba, marefu, kila moja limejitokea peke yake, na ua lake halifunguki sana. Utomvu wa alamanda nao si wa kuchezea, lakini thevetia ina sumu inayovuruga mapigo ya moyo, na mbegu zake ni hatari mno. Mama mwenye watoto wadogo akiuziwa thevetia kwa jina la alamanda, tumemdhulumu. Kila thevetia naiandikia SUMU kwa herufi kubwa na kuitenga kando ya ukuta.

Saa 4 anaingia bibi wa nyumba ya pili.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Nimewaletea miche ya mkilua, imeota chini ya mti wangu.”

Anafungua pindo la kanga, ndani mna kilua kimoja, na harufu inatufikia sote. Huu hauna ubishi. Hata Verdcourt, mtaalamu wa mimea, alipoupa jina la kisayansi mwaka 1970 aliuita Mkilua fragrans. Ni mti wa misitu ya pwani yetu, Kenya na Tanzania, na ninafurahi kuuandika. Chini ya jina naongeza: wa vikuba, vile vishada vya kunukia wanavyojipamba navyo wanawake.

Baada ya adhuhuri nakata vibao kutoka ndoo nyeupe za plastiki. Naandika kwa penseli. Wino jua linaufuta, penseli inabaki.

Saa 9 zamu ya lile ua la Usambara, majani yenye vinyweleo, ua la zambarau lenye njano katikati. Dunia nzima inalifuga madirishani, na kwao ni milimani, mkoani kwetu hapa. Saint Paul, ofisa wa Kijerumani, alilipeleka Ujerumani, na mwaka 1893 likaitwa Saintpaulia. Tangu 2015 wataalamu wameliingiza kwenye kundi la mimea liitwalo Streptocarpus. Naandika yote mawili, maana wanunuzi wengi wanalijua kwa lile la zamani. Naongeza: kivulini, usimwagie maji majani.

Saa 11 imebaki mimea ambayo simu inanitajia jina hili, nikipiga picha nyingine inataja jingine. Sibahatishi. Kibao kinasema: jina bado, ua jeupe, linapenda jua, limetoka kwa nani. Mwenyekiti anaona jina lolote lingeuza haraka zaidi. Nimemwomba tuyauze hivyohivyo kwa bei ya chini, na amekubali.