Kamera iliyokataa kutazama chini

Mwani wa kotonii hauvumilii maji ya moto. Huanza kuwa mweupe kwenye vikonyo, ukalainika, ukakatika na kwenda na maji, na mama aliyefunga kamba zake bamvua lililopita, yaani siku za maji makubwa ya mwezi mpevu au mwandamo, hukuta vigingi vitupu. Watu wa Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, na jirani zao wa Paje walianza kilimo hiki mwaka 1989, na tangu siku hizo wakulima wengi ni wanawake. Baadhi wameshahamia spinosamu, aina nyingine ya mwani, ambayo ni sugu lakini bei yake ni ndogo. Kikundi cha shangazi yangu kilikuwa bado kinashikilia kotonii. Walikuwa wameona kwamba haifi kila pahala sawasawa, na walitaka kujua mpaka wa kufa na wa kupona unapita wapi.

Ukiwa umesimama kwenye maji ya magoti huwezi kuuona mpaka huo. Unaona kamba zako na za jirani yako, basi. Wazo la kupiga picha kutoka juu walilipata kwenye ile kazi iliyoanza mwaka 2016, pale Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, walipokuwa wakichora ramani ya Unguja na Pemba kwa droni. Shangazi alipata kuiona picha ya kijiji chake iliyotokana na kazi ile, akaitambua nyumba yake kwa bati jipya la jikoni. Akaniambia, "Mwanangu, kama wameliona bati langu, mwani watashindwa?"

Ilikuwa Machi 2019. Mwezi mpevu uliangukia tarehe 21, karibu kabisa na siku ambayo usiku na mchana hulingana, na bamvua la namna hiyo ni kubwa. Wakati huo bahari ile huwa na tofauti ya karibu mita 4 kati ya kujaa na kupwa, na asubuhi, kati ya saa nne na saa tano, unaweza kutembea mbali kuelekea mwambani. Kibali cha kurusha tulikuwa nacho, cha siku zile tu, na sheha alikuwa na taarifa. Droni ilikuwa ya mdogo wangu mmoja wa mtaani anayepiga picha za harusi. Mimi ni mwalimu wa skuli, kazi yangu ilikuwa kuandika namba za mashamba.

Ilipaa vizuri. Kwenye skrini tuliona minazi, paa la skuli, kisha mchanga na kina mama wameinama kwenye kamba zao. Ilipofika juu ya mashamba, kijana akazungusha kigurudumu cha rimoti ili kamera itazame chini wima, maana picha ya kupimia hupigwa hivyo. Skrini ikawa nyeusi. Hapakuwa na chenga wala kukatakata, giza tu. Akaigeuza droni irudi, na ilipokuwa jirani akainua kamera atafute pa kutulia; picha ikarejea, safi kama mwanzo.

"Imeona au haikuona?" shangazi akauliza.

"Bado, shangazi."

"Basi fanyeni haraka, maji hayamngoji mtu."

Kilichotutaabisha ni kwamba pale juu ya mashamba mambo matatu yalikuwa yakitokea kwa pamoja. Droni ilikuwa mbali nasi. Ilikuwa imeshapigwa na jua la Machi kwa dakika kadhaa. Na kamera ilikuwa inatazama chini. Kila mtu pale pwani alichagua moja akalishikilia. Kijana alisema ni masafa. Mwenzake, kwa simu, alisema ni joto, kisha akasema ni kadi ya memori, kisha akasema tuiweke programu upya. Kuhusu kutazama chini hakuna aliyesema neno, kwa sababu kutazama chini kulikuwa ndiyo kazi yenyewe, na mtu haitilii shaka kazi.

Masafa tuliyatoa kwanza. Skrini ilipokuwa nyeusi, namba zilizoandikwa juu yake hazikusimama: urefu ulisoma, umbali ulisoma, betri ilishuka kidogo kidogo kama kawaida. Namba hizo na picha hupita kwenye mawasiliano yaleyale kati ya droni na rimoti. Kama mawasiliano yangekatika, namba nazo zingeganda. Tukachomoa kadi tukaifungua kwenye kompyuta. Video iliyorekodiwa ndani ya droni ilikuwa imeishia sekunde ileile skrini ilipozima. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lilimaanisha simu haina kosa, waya wa simu hauna kosa, na hewa iliyo katikati haina kosa. Picha ilikuwa inapotea humo humo ndani ya droni, kabla ya kufika kwenye kadi.

Kadi yenyewe tukaibadilisha kwa nyingine mpya yenye kasi ya kutosha, tukaiformati ndani ya droni. Giza lilelile. Kichungi cha kuzuia mng'ao tukakivua, kwa sababu uzito wake, ingawa mdogo, huweza kuzilemea mota za gimbali inayoshika kamera. Giza lilelile. Tukaiweka droni kivulini chini ya mkungu mpaka ikapoa kabisa, tukairusha moja kwa moja, tukainamisha kamera. Ikazima palepale, ingali baridi. Programu nayo tuliiweka upya usiku, nyumbani kwangu, kwa intaneti ya kusuasua. Asubuhi hali haikubadilika.

Ninaposikia watu wakisema droni imeharibika kamera, huwa nataka kuwazuia wasinunue kamera. Nimeona kamera nzima zikibadilishwa kwa fedha nyingi wakati lensi na kihisi cha picha havina doa. Kamera ya droni ndogo haikai peke yake. Inaning'inia kwenye gimbali ambayo mara nyingi huwa na mota tatu, moja ya kuinamisha, moja ya kulaza ubavu na moja ya kugeuza kushoto na kulia, na kila alama ya picha lazima ipite kwenye viungo hivyo vinavyocheza bila kupumzika ndipo ifike mwilini. Kosa linaweza kuwa pahala popote njiani. Na mtu anayeuliza "ina nini?" kabla ya kuuliza "inafanya hivyo wakati gani?" anaweza kuifungua yote asilione.

Swali hilo la pili tuliulizwa na fundi wa simu wa Darajani, mjini. Tulipanda gari ya mjini mara maji yalipoanza kujaa, kwa kuwa pwani hapakuwa na la kufanya tena siku ile. Fundi alikuwa na kimeza, taa, maikroskopu ya kutazamia bodi za simu na bloa. Hakugusa droni. Aliuliza, "Inazima ikiwa inatazama wapi?"

Kijana akaanza kumweleza habari za masafa na joto.

"Hayo nimeyasikia. Inazima ikiwa inatazama wapi?"

Tukavua panga zote nne za kupaishia kwa usalama, tukaiwasha mezani. Fundi akaushika mwili wa droni kwa mkono mmoja akamwambia kijana azungushe kigurudumu polepole. Kamera ikainama. Kwenye simu tukaona ukuta wa duka, kalenda, ukingo wa meza, bisibisi zilizopangwa. Karibu na mwisho wa kuinama picha ikapepesa, kisha giza. "Inua." Picha ikarudi. "Inamisha." Giza. Jua halikuwapo, masafa hayakuwapo, upepo haukuwapo. Kijana alinyamaza, kisha akasema jambo ambalo lilieleza kila kitu: kwenye harusi hapigi picha ya wima chini. Anapiga msafara wa bwana harusi, anapiga ukumbi, anapiga bahari nyuma ya maharusi. Alikuwa ametuambia tangu mwanzo kwamba kamera yake ni nzima, na kwa kazi yake ilikuwa nzima kweli.

Baada ya sala ya adhuhuri fundi akafungua skrubu. Kutoka kwenye kamera mpaka mwilini inapita flekisi, utepe mwembamba wenye nyuzi nyingi za shaba zilizolazwa sambamba, uliokunjwa kuzunguka mkono wa gimbali. Kila kamera inapoinama, utepe ule hukunjika pahala pamoja. Akauchomoa, akaunyoosha, akagusa ncha mbili za uzi mmoja mmoja kwa mita inayolia umeme ukipita. Ukiwa umenyooka, mita ililia kwa nyuzi zote. Alipoukunja kama unavyokunjika kamera ikitazama chini, uzi mmoja ukanyamaza. Akauweka chini ya maikroskopu akaniita nione: mstari mwembamba kuliko unywele, umekata shaba palepale kwenye mkunjo. Ukinyooka, kingo mbili zinagusana. Ukikunjika, zinaachana.

Nilimwomba auchomelee. Alikataa. Risasi ya kuchomelea ikishaganda huwa ngumu, akasema, na pahala pagumu katikati ya utepe unaokunjika patavunjika siku yoyote, tena angani. Alikuwa na droni ya aina ileile kabatini, ya mgeni mmoja aliyeigonga kwenye mnazi, mikono imevunjika lakini gimbali haikuguswa. Nikadhani atahamisha gimbali nzima. Hilo pia alilikataa: kamera na mwili vimeoanishwa kiwandani kwa vipimo vyao, na ukileta kamera ya mwili mwingine unaweza kupata hitilafu mpya zinazotaka programu maalumu. Alichukua flekisi peke yake. Kuipitisha kwenye vile viungo vitatu bila kuipinda vibaya kulichukua sehemu kubwa ya alasiri, na sijapata kuona mikono iliyotulia kama ile. Alipomaliza, kamera ikainama mpaka mwisho na bisibisi zake zikabaki kwenye skrini.

Likabaki jambo moja. Tulipoiwasha Jambiani jioni ile, upeo wa bahari ulionekana umeinama upande. Gimbali iliyofunguliwa inahitaji kusawazishwa upya, na programu yake inataka droni iwe imekaa pahala tambarare pasipotikisika, kwa sababu pahala hapo ndipo itakapopaamini kuwa ni sawa. Barazani kwangu saruji ina mteremko wa kutoa maji ya mvua. Jirani yangu mwashi akaleta pima maji yake, akaweka ubao juu ya matofali, akatia vipande vya karatasi chini ya ubao mpaka kipovu kikakaa katikati, kushoto kwa kulia na mbele kwa nyuma. Tukaiweka droni juu yake, tukaiacha ijipime. Upeo ukanyooka.

Bamvua lilikuwa limeanza kupungua nguvu, lakini maji bado yalitoka vya kutosha. Kwa urefu wa mita 60, kamera ikitazama chini wima, droni ilipita juu ya mashamba kwenda na kurudi, mstari kwa mstari, mpaka betri ikataka kushuka, na skrini haikupepesa. Kina mama walisimama kando ya kamba zao mmoja mmoja ili kila shamba liwe na mwenyewe kwenye picha.

Usiku tulizitazama kwenye ukuta wa darasa kwa projekta ya skuli. Sikuwa na la kuwaeleza. Wao ndio waliozisoma. Mama mmoja akaenda ukutani akaweka kidole kwenye doa la rangi ya chai lililozungukwa na mchanga ulioinuka, akasema hapa maji yakitoka hubaki yamesimama, jua linayachemsha. Mashamba yote yaliyokufa yalikuwa ndani ya doa lile au kwenye ukingo wake. Upande wa mkondo, ambako rangi ilikuwa ya kijani kibichi na maji hayalali, kamba zilikuwa nzito. Wawili waliokuwa wakilaumiana kwa kupeana mbegu mbovu walikuwa na mashamba yaliyopakana, yote mawili kwenye doa.

Shangazi alitaka picha ile ichapishwe kwa ukubwa wa kanga, ikachapishwa kwa ukubwa uliowezekana. Mjadala wa nani ahamie wapi ulikuwa mrefu, kwa kuwa upande wa mkondo maji ni ya kifua na si kila mama anajua kuogelea. Kamba za kwanza zilihamishwa mwezi mwandamo wa Aprili, maji ya bamvua yaliporudi.