Saa sita za kazi katika kisiwa cha Thomas More

Wengi wakimtaja Thomas More, mwandishi Mwingereza, huishia kwenye "usawa" wa kisiwa alichokibuni, hesabu zake wakaziacha. Katika kitabu chake Utopia, kilichochapwa Leuven mwaka 1516 na chenye jina la kisiwa hicho, kazi ni saa sita kwa siku: tatu kabla ya adhuhuri, chakula, mapumziko ya saa mbili, kisha tatu tena. Zinatosha kwa kuwa hakuna mabwana wavivu wa kulishwa. Kaya ya shambani haipungui watu 40. Kila mwaka 20 waliomaliza miaka miwili hurudi mjini, na wapya 20 hufundishwa na waliokwisha kaa mwaka mmoja, njaa isije ikaletwa na ugeni wa wakulima. Nyumba za mjini hubadilishwa kwa kura kila miaka 10. Dhahabu? Ya vyombo vya kukojolea na minyororo ya watumwa.

Naam, watumwa wapo, wawili kwa kila kaya ya shambani. Hapo usawa wake unachechemea, tena vibaya. Kisiwani aliruhusu dini nyingi. Lakini alipokuwa Chansela wa Uingereza, yaani afisa mkuu wa mfalme (1529–1532), aliwaandama waliohesabiwa wazushi wa dini, na baadhi wakachomwa moto. Mwaka 1534 alikataa kiapo kilichokana mamlaka ya Papa, akakatwa kichwa tarehe 6 Julai 1535.