Mifupa baada ya jeraha la uti wa mgongo: soma vipimo kwa jicho la pili

Uti wa mgongo ukishaumia na miguu ikapooza, macho ya wengi huelekea kwenye kibofu, kifua na vidonda vya kulalia. Wakati huohuo mfupa wa miguu unapukutika, tena kwa kasi kuliko ya mgonjwa mwingine yeyote aliyelazwa kitandani muda mrefu. Unaoumia zaidi ni mfupa wa ndani wenye vitundu kama sifongo, hasa ule unaozunguka goti: ncha ya chini ya fupa la paja na ncha ya juu ya muundi. Kufikia mwaka wa 3 hadi wa 8, sehemu hizo huwa zimepoteza karibu nusu ya mfupa wake, na kwenye muundi hata zaidi ya nusu. Mfupa wa uti wenyewe wa mgongo huwa haupungui sana. Ndiyo maana kipimo cha DXA (picha ya eksirei inayopima uzito wa mfupa) cha uti wa mgongo wa kiunoni peke yake hudanganya. Omba nyonga ipimwe, na goti pia kama mashine inaweza.

Kwenye damu mambo huenda hivi. Seli zinazokula mfupa hushika kasi, na kalsiamu ikamwagika kwenye damu. Tezi za parathairoidi, zile ndogo za shingoni zinazosimamia kalsiamu, zikiona kalsiamu ipo tele, hupunguza homoni yao. Homoni hiyo ikishuka, figo hutengeneza vitamini D hai kidogo tu, na utumbo nao hufyonza kalsiamu kidogo. Ziada hutoka kwa mkojo, na kilele chake huwa kati ya mwezi wa 1 na wa 6 baada ya jeraha. Kwa hiyo homoni ya parathairoidi ikiwa chini katika miezi hii, usiishughulikie kama ugonjwa wa tezi: ni matokeo ya mfupa kuvunjwavunjwa. Kumnyima mgonjwa maziwa hakuzuii lolote, maana kalsiamu inatoka mifupani mwake. Chakula chenye kiasi cha kawaida, yaani takriban miligramu 1,000 kwa siku, kinafaa, isipokuwa kalsiamu ya damu ikiwa imepanda.

Hapo kwenye kupanda ndipo makosa mengi hutokea. Albumini, protini ya damu inayobeba kalsiamu, mara nyingi iko chini kwa wagonjwa hawa, na kalsiamu ya jumla huonekana ya kawaida wakati si ya kawaida. Kwa kila gramu 1 ya albumini iliyopungua chini ya 40 kwa lita, ongeza 0.02 mmol/L kwenye jibu la kalsiamu, au pima moja kwa moja kalsiamu huru, yaani ile isiyoshikwa na protini. Walio hatarini zaidi ni watoto na vijana wa kiume, hasa waliopooza mikono na miguu, na kupanda huku hutokea sana kati ya wiki ya 4 na ya 8 baada ya jeraha. Dalili ni kichefuchefu, kutapika, kukosa hamu ya kula, kiu, mkojo mwingi, kufunga choo na kukosa ari, mambo ambayo ni rahisi kudhaniwa kuwa ni huzuni tu. Tiba huanza na maji ya chumvi ya mshipani, kisha pamidroneti, dawa ya kuzuia mfupa kuliwa, mara nyingi miligramu 60 kwa dozi moja, huku figo zikifuatiliwa.

Kreatinini, taka ya misuli inayotumika kupima figo, nayo ina mtego wake. Misuli ikinywea, kreatinini hushuka, na figo dhaifu huonekana nzima. Uwiano wa kalsiamu na kreatinini kwenye mkojo nao hupanda kwa uongo. Mimi naamini mkojo uliokusanywa kwa saa 24, na kwa figo, sistatini C, kipimo cha damu kisichotegemea sana misuli. Hili lina uzito kabla ya kutoa asidi ya zoledroniki, dawa ya jamii moja na pamidroneti, miligramu 5 kwa mshipa kwa muda usiopungua dakika 15: haifai uwezo wa figo kuchuja ukiwa chini ya 35 ml kwa dakika, na upungufu wa vitamini D hurekebishwa kwanza, la sivyo kalsiamu huporomoka. Meno yakaguliwe pia. Dawa hii hulinda nyonga vizuri ikitolewa mapema. Kwenye goti matokeo yake si ya kutegemewa vile.

Kusimama kwenye fremu kuna faida nyingine, lakini mfupa uliokwisha kupotea haurudishwi nako. Baiskeli ya kusisimua misuli kwa umeme husaidia kiasi, na faida huondoka mazoezi yakiachwa.

Mfupa wa namna hii huvunjika mtu akihamia kwenye kiti, akigeuzwa kitandani, au goti likinyooshwa kwa nguvu. Maumivu huenda yasiwepo kabisa. Angalia uvimbe, joto, wekundu, mikakamao ya misuli iliyoongezeka, na kwa aliyeumia kuanzia T6 (pingili ya sita ya uti wa mgongo wa kifuani) kwenda juu, shinikizo la damu linaloruka ghafla pamoja na kichwa kuuma na jasho. Damu iliyoganda mguuni na mfupa unaoota ndani ya misuli huonekana vivyo hivyo, hivyo piga eksirei pamoja na ultrasaundi. Ukifunga mguu, tumia banzi lenye pamba nene linaloweza kufunguliwa, na ngozi ikaguliwe kila siku, kwa sababu mgonjwa hatahisi plasta ngumu inapomchubua.