Hesabu kimya kilicho kati ya milio

Watu wakitaka kumjua ndege anayelia usiku huuliza kwanza analiaje. Mimi huwaambia waulize ananyamaza kwa muda gani. Sauti ikipita kwenye majani ya mwembe na upepo wa kusi hubadilika, na bundi akigeuza kichwa tu utadhani amehamia mti mwingine. Ile nafasi kati ya mlio na mlio haidanganyi kirahisi.

Nakaa Gede, pwani ya Kenya, si mbali na msitu wa Arabuko-Sokoke, na kitinda mimba wangu hajaambiwa kwamba usiku ni wa kulala. Nikiwa kibarazani namnyonyesha, taa nimeizima kwa ajili ya wadudu, kazi inayobaki ni kusikiliza.

Anayenipa raha zaidi ni yule bundi mdogo ambaye wataalamu humwita Otus senegalensis. Hutoa “prrrup” moja fupi yenye mtetemo, halafu basi. Hesabu moyoni polepole: tano, sita, saba. “Prrrup” nyingine. Anaweza kuendelea hivyo mpaka mtoto ashibe, acheue na ashikwe na usingizi. Mchana hujibana kwenye shina akafanana na gome, kwa hiyo usijisumbue kumtafuta.

Sasa kuna mwingine ambaye wageni wengi humchanganya na huyo. Naye hutoa sauti moja moja, lakini ni kali na kavu, kama kijiko kinachogonga glasi, na huirudia upesi: karibu kila sekunde moja, bila kupumzika. Huyo si ndege hata kidogo. Ni popo dume mla matunda, mwenye vishungi vyeupe mabegani, anaita majike. Mara nyingi utamkuta kwenye mwembe au mkungu. Ukifika mbili na tayari amelia tena, mtoe kwenye orodha ya bundi.

Wa tatu ndiye anayewaleta watu kutoka mbali: bundi wa Sokoke. Ana urefu wa sentimita 17 hivi, na alipewa jina la kisayansi mwaka 1966 tu, Otus ireneae. Nje ya msitu huu, wenye kilomita za mraba 420 hivi, anajulikana katika sehemu chache sana, zikiwemo misitu ya chini ya Usambara Mashariki huko Tanzania. Nyumbani kwangu hafiki. Hupenda ndani kwenye udongo mwekundu, penye vichaka vya miti iitwayo Cynometra. Shemeji yangu, ambaye huongoza wageni, ndiye aliyenipeleka kumsikia. “Tu-tu-tu-tu-tu-tu,” mbinja nyembamba za haraka, kisha kimya, kisha fungu jingine. Ukimjua kitororo, yule ndege mdogo anayekazana kulia jua likiwa utosini, utashtuka jinsi wanavyofanana. Lakini kitororo usiku hulala. “Wewe tazama saa tu, shemeji,” aliniambia, na kwa kweli saa ilitosha.

Wengine nitawapitia mbio. Kwenye miti mikubwa ya magofu ya Gede, bundi wa msituni hulia wawili wawili, dume kwa sauti nzito, “hu-hu, hu-hu-hu, hu-hu,” na jike akamjibu kwa sauti ya juu zaidi. Kirukanjia hupiga mbinja inayoanza juu na kushuka ikitetemeka, na mwezi ukiwa mpevu hana haya kabisa. Chekeamwezi hukimbia ardhini akipiga mbinja zinazopanda na kushuka. Na ukisikia kichanga kinalia juu ya mti, na wako yuko kifuani ametulia, huyo ni komba.

Simu yangu ni ya bei rahisi lakini inarekodi vizuri. Naiweka kwenye ukingo wa baraza, natamka saa na kama kuna mwezi au mvua, kisha nafunga mdomo. Asubuhi nalinganisha na milio iliyo kwenye tovuti ya xeno-canto, ambapo tangu mwaka 2005 watu wa dunia nzima hupakia sauti za ndege. Nashauri uandike makisio yako kabla ya kufungua tovuti, maana ukishasikiliza rekodi kumi, sikio linaanza kukubali chochote.

Jambo moja sikubaliani nalo: kumpigia ndege sauti yake kwa spika usiku kucha ili asogee apigwe picha. Yeye anadhani mwenzake amevamia himaya yake, anaacha kuwinda, anakuja kugombana na simu. Mara moja kwa muda mfupi, sawa. Kuendelea zaidi ya hapo ni uchokozi.

Mavyaa wangu hapendi mchezo huu. Kwake bundi ni bundi, na akilia karibu na nyumba kuna mtu anaitwa. Sibishani naye, nimeolewa, sitaki kesi. Ila siku hizi mlio ukianza huja mlangoni na khanga yake kichwani, anasikiliza kidogo.

“Huyo nani tena, mwanangu?”

“Popo, mama.”

“Popo?” Anaangaza mwembe wake. “Basi afadhali angekuwa bundi. Huyu atanimalizia maembe.”