Zamu ya usiku niliyoipanga vibaya

Nilipokabidhiwa wodi ya watoto hapa Tororo, Uganda, nilikuwa na miaka 34. Muuguzi mkubwa kuliko wote, tunayemwita Mama, alikuwa na 57, amebakiza mitatu astaafu. Mimi nina shahada, yeye aliingia kazini na cheti. Sasa unamtumaje mtu unayemwamkia shikamoo kila asubuhi?

Nikaanza kwa kukosea. Vijana waliomba usiku wawe peke yao, wakubwa wakataka mchana, nikakubali nikidhani nimewaridhisha wote. Haukuisha mwezi, wodi ikawa kambi mbili: hawa wanaandika daftarini, wale kwenye kompyuta, na hesabu za mwisho wa mwezi hazikutani. Nikaongeza kosa la pili. Nilimsimamisha kijana wa miaka 25 awafundishe wakubwa kompyuta mbele ya watu. Mama alikaa kimya mpaka mwisho. Kesho yake akaleta barua ya kuomba likizo.

Zikaja mvua, na malaria ya huku mnaijua: watoto wawili kitanda kimoja. Usiku mmoja akaletwa mtoto wa kilo 9, amelegea, mishipa haionekani. Kijana wa zamu alishapiga hesabu ya atesuneti, dawa ya sindano ya malaria kali, miligramu 27, hakukosea. Lakini alichoma mara tatu bila kupata mshipa, mikono inamtetemeka. Nikampigia Mama, anakaa nyumba za wafanyakazi. Alikuja na leso mabegani, akapapasa kichwa cha mtoto taratibu kwa kidole kimoja, akaomba tochi. Kanula, kile kimrija cha kupitishia dawa mshipani, ikaingia mara moja. Ndipo akamgeukia kijana: "Haya, na hiyo hesabu umeifanyaje? Sisi tulikuwa watu wa kwinini, kuhesabu matone."

Walikaa mezani mpaka alfajiri. Wiki hiyo hiyo nikapangua ratiba, kila zamu mkubwa na mdogo. Kompyuta sasa inafundishwa saa nane usiku, watu wawili, hakuna anayetazama.

Mshahara siwezi kuongeza. Ninachoweza ni kutoa ratiba wiki mbili mapema, maana vijana wengi wanasomea diploma. Na mkubwa simbadilishii zamu kwa WhatsApp. Namfuata mwenyewe.

Mama bado anaanza na daftari, kisha kompyuta. Neno la siri kaliandika kwenye jalada, kwa wino mwekundu. Nimemkanya mara mbili.

"Mwanangu, nani atakuja kuiba malaria?"