Infinitivu ya Kiingereza sio lazima uione "to"

Kwa muda mrefu nilikuwa naamini ukiona "to" kabla ya kitenzi basi hiyo ni infinitivu (lile umbo la kitenzi lisilobadilika kwa wakati wala mtendaji, kama letu la ku-), usipoiona basi sio, maana ndo wengi tulivyokaririshwa, "to go" kwenda, "to eat" kula, yameisha. Kumbe kale ka "to" sio alama ya kuaminika hata kidogo.

Chukua hii: "She made him wait." Hapo "wait" ni infinitivu kamili ila imevuliwa "to". Utajuaje? Angalia "him wait", haijapata s, wakati ukisema "he waits" lazima s iwepo. Tena "made" ni wakati uliopita lakini "wait" haijageuka kuwa "waited", yaani haiguswi na wakati wala na mtendaji, imetulia vilevile. Halafu igeuze sentensi iwe ya kutendwa uone, "He was made to wait", "to" hiyo imerudi yenyewe! Mi nilipoliona hili nilifurahi sana kwa kweli. Sisi inatupiga chenga kwa sababu Kiswahili hapo kwa kawaida hakitumii ku-, tunasema "alimfanya asubiri", kwa hiyo akili haitafuti infinitivu mahali pale. Baada ya "let" nako kitenzi kinakuja bila "to", na baada ya "can", "must", "should" na wenzake.

Sasa geuza upande wa pili, "to" ipo ila infinitivu hakuna. "I look forward to seeing you", watu kibao wanaandika "to see" na ni kosa, manake hiyo "to" ni kihusishi (preposition) tu. Dawa yake ni kuweka nomino baada yake: "I look forward to the holidays" inakubali, basi kitenzi kikija hapo kivae -ing. Ndo maana "I'm used to living alone" na "I used to live alone" ni vitu viwili tofauti, ya kwanza nimezoea kuishi peke yangu, ya pili nilikuwa naishi peke yangu zamani, na huwezi kusema "I used to the noise".

Infinitivu zile ndefu ndefu wala zisikutishe, soma "have" na "be" tu. "To be writing" kazi inaendelea, "to have written" imeshafanyika, "to be written" ni kuandikwa, hiyo tunayo kwenye kitenzi chetu tayari. Inayosumbua ni ya "have" kwa sababu hatuna ku- moja ya kuibeba, "She claims to have paid" ukiitafsiri "anadai kulipa" umeharibu maana, sema anadai ameshalipa.